Taa Niliyoizima kwa Mswaki

Hawo binti yangu,

Salamu nitakupa kesho uso kwa uso, kwa hivyo hapa naziruka, karatasi yenyewe ni ya kuokoteza. Naandika nyuma ya daftari lako la hesabu la kidato cha pili, lile ambalo mwalimu alimwaga wino mwekundu kama aliyechinja. Ukikuta nimekosea herufi, usinisahihishe. Mimi niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu nilipandishwa kwa sababu baba yangu alikuwa akimpelekea mwalimu maziwa.

Mambo ya sabuni, chandarua na chakula cha njiani mama yako ameyasema tangu asubuhi na bado anayasema. Namsikia huko ndani anakunja nguo alizokwisha kuzikunja. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na mdomo umenishinda kulitoa. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilisema, "Hawo, nisikilize," na wewe ukaanza kucheka kabla sijafika popote, maana katika nyumba hii nikisema nisikilize kila mtu huweka kikombe chini ajiandae. Mara ya pili nikajikuta nasimulia habari za punda wa jirani. Basi nimechukua kalamu. Kalamu haichekeshi, angalau hii yangu.

Jambo lenyewe nilitoe mapema, kabla sijaanza kulizunguka. Kesho unakwenda Malindi kufanya kazi kwa Fundi Komora. Huyo Komora namjua. Miaka saba iliyopita alifukuzwa kazi, na sababu ni mimi. Wewe hukujua, na yeye alipotuma uitwe hakujua kwamba wewe ni wangu. Sitaki uingie kwenye gereji ya mtu huyo ukamtazame kwa macho hayo yanayofanana na yangu, nawe hujui yanamkumbusha nini.

Ukifika hapo usitupe daftari. Niache kwanza nijisifu kidogo, na wa kujisifia ni wewe.

Unakumbuka siku mjomba wako Barisa alipokuja na wazee wawili, wakakaa kwenye mkeka wetu kama mahakama? Ulikuwa umemaliza shule, umekataa cherehani, umeshika spana. Barisa akasema, "Guyo, wewe ulikuwa na ng'ombe. Wakafa, ukaenda kuchunga malori. Sawa, tulinyamaza. Sasa na msichana naye? Nani atamwoa, ananuka dizeli?"

Nikamwambia, "Shemeji, ataolewa na mtu mwenye gari bovu. Wako wengi."

Walicheka, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango na ukadhani baba yako ni simba. Sikuwa simba. Nilikuwa namuunga mkono Barisa kimyakimya. Nilitaka uchoke uache mwenyewe, nisionekane mimi ndiye niliyekukataza. Ndiyo maana nilikupa kazi ambazo hata adui hapewi. Nilikupa sampu ya lile lori la ng'ombe, beseni la oili lililokuwa na tope la miaka kumi, nikakwambia, "Safisha." Nikaenda kuswali, nikakaa msikitini kwa makusudi, nikapiga soga na kila mtu. Niliporudi sampu ilikuwa inang'aa, mtu angeweza kuilia wali. Nilikasirika, Hawo. Hebu fikiria, mzee mzima nimekasirika kwa sababu ya chombo kisafi. Halafu nikaingia ndani nikamwambia mama yako, "Huyu haachi." Akaniuliza, "Sasa unatabasamu nini?" Sikujua kwamba natabasamu.

Sasa nije kwenye gari la daktari wa ng'ombe. Unalijua kuliko mimi, lakini najua mama yako atakulazimisha umsomee barua hii, na yeye hataelewa chochote kama sijaeleza. Kwa hivyo, mama Hawo, sikiliza. Magari yale ya dizeli yana taa ndogo ya rangi ya chungwa pale mbele ya dereva. Gari likitembea kilomita laki moja, taa inawaka. Haisemi kwamba gari limeharibika. Inasema kuna mkanda wa mpira ndani, wenye meno, wanauita taiming belti, umefika umri wake, ubadilishwe kabla haujakatika. Ukikatika gari likiwa linaenda, vyuma vya ndani vinagongana na injini inakufa papo hapo. Fundi akishabadilisha belti, ndipo anaizima taa kwa mkono, ianze kuhesabu upya. Penyewe pa kuizimia ni padogo: kuna kifuniko cha mpira kwenye kioo cha mita, ukikitoa unaona tundu, unaingiza kijiti chembamba, unabonyeza. Basi. Kijiti hakiulizi kama belti imebadilishwa. Hapo ndipo ilipo hatari yote.

Daktari alikuja mwaka jana maji ya Elnino yalipokwisha kushuka, tope bado limeganda kwenye milango. Akasema, "Fundi, hii taa inanikera machoni. Izime niende zangu."

Nikatoa mswaki wa mti mdomoni. Unajua mimi na mswaki wangu. Ncha yake inaingia kwenye lile tundu kama ilichongewa pale. Nilikuwa nimeshainama ndani ya gari, na wewe ukanishika mkono. Mbele ya watu! Mkono wa baba yako mzazi!

"Aba, hiyo haizimwi sasa. Belti kwanza."

"Belti iko sawa, nimeiona."

"Umeionea wapi na hujafungua?"

Daktari akacheka. "Kwani fundi ni nani hapa?"

Nikamwambia, "Fundi ni mimi. Huyu ni serikali."

Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini mkono wako ulikuwa bado umenishika na haukuwa unacheka. Ukatoa kitabu cha gari kwenye kisanduku, cha Kiingereza kitupu, ukalala kifudifudi kwenye turubai ukakisoma kutoka mwanzo kama msahafu. Belti ikaagizwa Mombasa. Siku tisa daktari akizunguka Garsen kwa baiskeli, kila asubuhi anakuja kunilaumu mimi, na mimi namwonyesha wewe kwa kidole. Ilipofika ukafungua, ukatia alama kwenye magurudumu madogo ya ndani yanayoshikwa na belti, kwa ile rangi nyeupe ya chupa mliyokuwa mkifutia makosa shuleni. Ukavisha belti mpya. Mimi nikasema, "Sasa washa." Ukasema, "Bado." Ukaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili mizima, jasho linakudondoka puani, ukachungulia kama alama zimerudiana. Zilirudiana. Ukawasha. Injini ikaunguruma kama haijapata kuguswa. Ukaandika kilomita kwenye karatasi, ukaigandisha chini ya boneti. Halafu ndipo ukaninyoshea mkono: "Aba, sasa nipe mswaki."

Taa ikazimika. Daktari alipiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Mimi niliaga naenda haja. Sikwenda haja. Nilikwenda nyuma kwenye zizi la ndama nikasimama pale nimeshika mlango, na kifua kilikuwa kimejaa kiasi kwamba ningefunguliwa shati ningepaa. Nimewahi kuwa na fahali aliyesifiwa kutoka hapa mpaka Madogo, wageni walikuwa wakija kumtazama tu. Hakunifanya nijisikie hivyo, Mungu amrehemu. Na jioni ile nilikwenda hotelini nikamwambia kila aliyekuwa na masikio, "Yule ni mimi niliyemfundisha."

Uongo. Nimekufundisha nini? Spana namba ngapi inaingia wapi, na matusi ya kumtukania nati iliyoshika kutu. Lile la belti ulijifundisha mwenyewe, na mimi ndiye niliyelijifunza siku ile, nimesimama na mswaki mkononi, nina miaka hamsini na nane.

Pale zizini, mkono wangu ulikuwa umeshika bawaba ya mlango. Unazijua zile bawaba, umezifungua na kuzifunga tangu ukiwa darasa la saba: vipande vya mpira mweusi, vina meno upande mmoja. Hukuwahi kuniuliza mpira ule ulitoka wapi. Nakwambia leo. Ile ni taiming belti, mpya kabisa, haijawahi kuzunguka hata mara moja. Ilikuwa ya gari la Komora.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Yako mashirika yaliyoleta chakula, na Komora alikuwa dereva wa moja kati yao. Ni Mpokomo wa Chara, mrefu, mpole, shati lake jeupe halijui vumbi. Alikuwa rafiki yangu. Mimi nilimwita Mwana-ndizi, yeye aliniita Mchunga Vyuma, na tulikuwa tukigombana kwa mzaha kuhusu mashamba yao na ng'ombe wetu sisi Waorma, mizaha ambayo wengine wakiianza wanamalizia kwa mapanga. Sisi tulimalizia kwa chai. Gari lake lilifika laki moja, taa ikawaka, shirika likamletea belti mpya kwenye boksi. Angeweza kulipeleka gari Mombasa. Aliniletea mimi. Akawaambia wakubwa wake, "Garsen kuna fundi."

Aliniachia siku mbili. Nilifungua kifuniko cha juu, nikakuta magurudumu yenye alama ndogondogo, hili likae hapa, lile lielekee kule, na maandishi. Nikakaa juu ya debe. Malori niliyofundishiwa mimi ni yale ya zamani, ndani yana giya za chuma, hayana belti wala dada yake belti. Nilikuwa sijui. Na hilo neno "sijui", Hawo, hata mtoto wa darasa la kwanza analiandika, lakini mimi nilikuwa Fundi Guyo, watu wananiita kutoka Minjila, na Komora alikuwa ameshasema Garsen kuna fundi.

Basi nikafanya ninalolijua. Mnadani ng'ombe akiletwa, namfungua mdomo, nayatazama meno, nakwambia umri wake na muuzaji ananichukia. Nikaipinda ile belti kuukuu kwa kidole nikayatazama meno yake. Yote yapo. Hakuna lililolika, hakuna lililong'oka. Nikajiambia, huyu bado mtamba, huyu hata hajazaa, taa inamsingizia. Nilijiambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka kusikia. Ni wewe uliyenieleza mwaka jana kwamba belti inachoka kwenye nyuzi za ndani, na meno yanaweza kubaki mazuri mpaka siku inayokatika. Mimi niliikagua kama ndama. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani aliyefanya ujinga huo, pengine awe Mworma.

Nikarudisha kifuniko. Nikatoa mswaki, nikabonyeza.

Komora akaja. "Umemaliza, Mchunga Vyuma?"

"Kaa ndani uwashe. Haya, taa unaiona?"

"Siioni."

"Sasa unaniuliza nini?"

Akacheka, akanipiga bega, akaenda. Na unaona nilivyokuwa mjanja? Sikutamka uongo hata mmoja. Nilijisifia lile jibu kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili belti ikakatika. Alikuwa kwenye msafara kutoka upande wa Witu, maana enzi zile njia ile haikupitwa bila bunduki mbele na bunduki nyuma. Garini alikuwa na muuguzi mmoja na unga wa watoto wa kliniki. Msafara haukuweza kusimama wote, ukawaachia askari wawili na kwenda. Wakakaa juani mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akitaka kukaa hata dakika kumi, tangu saa nne mpaka alasiri, ndipo lori la ng'ombe likawavuta kwa kamba. Hakuna aliyeumizwa, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Gari liliingia Garsen nyuma ya mikia ya ng'ombe, na watu wakalipigia vigelegele.

Mkubwa wa shirika alikuja. Alisimama hapo nje pa kwetu, Komora kando yake, na nusu ya mji wamekusanyika.

"Belti ulibadilisha?"

"Nilibadilisha." Huo sasa ndio uongo wenyewe, hauna kona.

"Mbona imekatika baada ya siku kumi na mbili?"

Hapo, mwanangu, kila mtu alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikitazamwa nina ugonjwa wangu. Nikasema, "Muulize dereva wako huo mguu. Hakanyagi mafuta huyu, anatwanga mpunga."

Watu walicheka mpaka askari mmoja akashikilia mti. Yule mkubwa mwenyewe alicheka. Komora hakucheka. Aliinama akautazama mguu wake wa kulia, kiatu chake, kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anaona haya kunitazama. Wiki hiyo hiyo akafukuzwa.

Sikumfuata. Nilijiambia nitamfuata kesho, na kesho yangu unaijua. Belti mpya ilikuwa juu ya dari ndani ya boksi lake, na kila nikilala inanitazama. Kuirudisha sikuweza, kuitupa sikuweza. Nikaikata vipande nikatengeneza bawaba za zizi, nikajiona nimemaliza.

Halafu miaka ikapita, na wewe ukafanya kazi ile ya daktari. Baada ya miezi, daktari akalipeleka gari Malindi kubadilisha springi, akaangukia gereji ya fundi mmoja mwenye miwani ya kamba. Fundi akafungua boneti akaiona karatasi yako. Akafungua kifuniko akaziona alama zako nyeupe. Daktari alipotusimulia alimwigiza: "Nani aliyefanya kazi hii?" "Binti mmoja wa Garsen." "Mwambie aje. Nina mashimo mawili ya kutengenezea magari na mtu mmoja tu wa kumwamini, na mtu huyo ni mimi." Wewe ukaruka. Mama yako akapiga kigelegele. Nikamuuliza daktari fundi huyo anaitwa nani, akasema Komora, na mimi nikaunguza ulimi kwa chai. Mlisema nalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, usidhani haikuwepo, lakini chai nayo ilikuwa ya moto na jina lilikuwa la moto zaidi.

Wiki mbili nimepiga hesabu za mwoga. Nikimwambia Komora, mlango wako utafungwa kabla hujaugusa. Nisipomwambia, utafungwa siku yoyote atakayokuuliza, "Hivi baba yako ni yupi?" na utafungwa ukiwa ndani. Kila nikitaka kunyamaza naona ule mkono wako umenishika mbele ya daktari. Umenisumbua sana mkono huo. Sijui umeutoa wapi, si kwa upande wangu.

Jumanne niliwaaga naenda mnadani Madogo. Nilivuka stendi nikapanda basi la Malindi. Samahani kwa uongo huo, ni wa mwisho au karibu na wa mwisho.

Nilimkuta Komora yuko chini ya lori, imetoka miguu tu. Nilipiga hodi. Akasema, "Sema, nakusikia." Basi nikaiambia miguu. Nilianza na jina langu, na spana iliyokuwa ikigonga kule chini ikanyamaza. Nikaeleza yote, debe nililokalia, meno, mswaki, zizi. Sikutia mzaha hata mmoja, na ulikuwepo mmoja mzuri sana. Nilipomaliza hakutoka. Akaniuliza kutoka kule kule chini:

"Kwa hivyo haukuwa mguu wangu?"

Sikuelewa. "Mguu gani?"

Akajivuta nje, akakaa chini, akavua miwani. Ameota mvi kunizidi. "Mguu wangu, Guyo. Ulisema natwanga mpunga. Mimi niliamini. Ulikuwa fundi, ukasema umebadilisha, na taa mimi mwenyewe niliiona imezimika. Nikajua ni mimi niliyeliua gari lile, na yule dada muuguzi nusura auawe kwa mguu wangu. Chara waliniita Mguu Mzito. Wanangu waliitwa watoto wa Mguu Mzito. Tangu siku ile sijashika usukani. Natengeneza magari ya watu, na kuyajaribu barabarani namwachia mwenye gari. Miaka saba."

Nimeshapigwa na fahali, Hawo, akanirusha juu ya ua. Lile halikuuma kama hili. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyenichukia miaka yote, ninayo na majibu yake. Kumbe hakuwa ananichukia mimi, alikuwa anauchukia mguu wake. Kale kamzaha nilikosema kwa pumzi moja ili watu wacheke, yeye alikabeba kila siku na kukaamini.

Nikasema, "Komora, nisamehe."

Akasema, "Ngoja." Akaufuta mguu wa kulia kwa kitambaa, polepole, kana kwamba umetoka majini. Halafu akaniuliza, "Binti wa alama nyeupe ni wako?"

"Ni wangu."

"Taa aliizima lini?"

"Alipokwisha kuwasha injini na kuandika kilomita. Mimi nilitaka kuizima kabla. Alinishika mkono."

Akanitazama. Nadhani kidogo atabasamu, halafu akakumbuka ni nani anayemtazama. "Huyo aje. Shimo la pili ni lake. Lakini wewe, mlango huu usiupite. Leo umeupita, basi. Usije kumsalimia, usije siku ya Idi, usije na maziwa. Sitaki kusikia watu wakicheka humu ndani."

Nikasema ndiyo. Ni haki yake, na sikubishana, jambo ambalo mama yako hataliamini.

Kwa hivyo unaenda mahali ambapo wanajua wewe ni nani na umetoka kwa nani, na bado wamekuita. Hukuitwa kwa jina langu. Umeitwa licha ya jina langu, na kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko yote ninayoweza kukuachia. Usijaribu kutupatanisha. Najua moyo wako, utataka kumpikia chai na kuniingiza katika mazungumzo. Acha. Akinisema vibaya, msikilize, anasema kweli. Akikaa siku moja nyuma ya usukani akataka mtu wa kukaa kando yake, kaa wewe, na usimsifu sana, atajua.

Na siku ukifungua injini usiyoijua, kaa juu ya debe kama mimi, hakuna ubaya. Halafu inuka ukaseme hujui. Najua utasema. Nakuandikia tu ili niwe nimewahi kukufundisha kitu kimoja.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la Komora, kuna mama anauza chai na mahamri chini ya bati. Nilipotoka nilikaa pale nikaagiza chai. Lango likiwa wazi unaona ndani mpaka shimo la pili. Nimeshamwambia yule mama kwamba kutakuwa na mzee atakuja mara moja kwa mwezi, atakunywa chai, atakaa kimya. Akaangua kicheko: "Wewe? Ukae kimya?" Nilikuwa nimejuana naye nusu saa.

Kwa hivyo siku utakayoniona pale, usivuke kuja kunisalimu, na usinawe mikono. Endelea na kazi. Nimekuja kutazama tu.

Aba yako,
Guyo